Kikombe cha Lucius

Ola Tisdale alikuwa amezika watoto wanne, na kila mmoja alimvunjia kikombe alichonywea mwisho juu ya kaburi. Ndivyo watu weusi wa kwao Mississippi walivyofanya tangu utumwani. Vipande vikibaki na marehemu, kifo hukatika, hakirudi kumchukua ndugu yake.

Halafu mwanawe mwingine, Lucius, akarudi kutoka vitani Ulaya, na sare yake ya jeshi, na akakataa kushuka barabarani kumpisha mzungu. Kwa kosa hilo wazungu wakamburuta kwa kamba mchana kweupe hadi darajani, wakamuua na kumtupa mtoni. Mto haukumrudisha. Kikombe chake cha kahawa kikabaki mezani, hakina kaburi.

“Kivunje popote,” mumewe Hosea alimwambia. “Kesho tunapanda treni ya Chicago.”

“Popote ni wapi? Mwanangu mbwa?”

“Ola, mimi anayeninyima usingizi ni huyu aliye hai.”

Verlene, kitinda mimba wao, alikuwa akikohoa chumbani.

Jirani yao, Mozelle, aliyewaletea mkate wa mahindi wa safari, akashusha pumzi. “Mto hauna posta, dada yangu. Hautakuletea kitu.”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asubuhi Ola alivaa kofia yake ya kanisani, akaenda darajani peke yake. Alimwita mwanawe kwa jina lake lote, akakipiga kikombe kwenye chuma cha daraja. Vipande vikatawanyika juu ya mbao, hata kimoja hakikufika majini.

Mlinzi wa daraja akatoka kibandani. Ola aliijua sura ile; siku ile ndiye aliyeshika kamba.

“Shangazi,” alisema, maana wazungu wa kule wangekubali kufa kuliko kumwita mwanamke mweusi Bibi, “zoa uchafu wako. Watu wanapita hapa.”

Ola alitaka kumrukia. Akamkumbuka Verlene, akapiga magoti.

“Ndiyo, bwana.”

Alitaka kuvisukumia mtoni, lakini yule bwana alisimama juu yake mpaka kipande cha mwisho kikaingia kwenye aproni, kisha akamsindikiza kwa macho hadi mwisho wa daraja.

Jioni, ndani ya behewa la weusi, Verlene alikohoa njia nzima. Ola alikuwa amepakata vile vipande, akimsihi Lucius kimoyomoyo asimwite dada yake.