Kipande cha Kimondo Chini ya Mkaa

Baba yangu alikaa mahabusu miezi minne kwa kosa nililofanya mimi. Mashine ya kizungu ndiyo iliyomtoa, na mashine hiyo ilisema kweli tupu.

Ngojeni niwaeleze.

Mwaka 1981, Ihanda, Mbozi. Baba, Mzee Efraimu, alikuwa mhunzi wa majembe. Mimi Tuntufye nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kichwa maji.

Tajiri mmoja wa Tunduma aliniahidi redio nikimletea kipande cha kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka toka angani. Serikali ilishakataza lisiguswe. Nikaiba msumeno wa baba, nikakata kwa kujificha siku tatu. Kipande cha kujaa kiganja nikakifunga kwenye gunia, nikakifukia chini ya mkaa karakanani.

Kabla sijakipeleka, polisi hao. Kimondo kimeonekana na jeraha, na mwenye misumeno ni mhunzi. Wakafukua mkaa, gunia langu likatoka na chuma cheusi ndani.

"Hiki nini, mzee?" afande akauliza.

"Chuma cha babu. Cha tanuri la mwisho la ukoo."

Kweli chuma hicho kilikuwepo. Wahunzi wa kwetu hukifukia chini ya fuawe, lile pande la kufulia chuma, na hakiguswi. Lakini gunia lilikuwa langu.

Wakamfunga pingu. Nilikuwa nimesimama palepale, na sikufungua mdomo.

Mtaalamu wa miamba, Bwana Ramadhan, akapeleka sampuli ng'ambo kwenye hadubini ya elektroni.

"Inakipiga chuma kwa elektroni, chuma kinajibu kwa eksirei," alitueleza. "Kila madini na eksirei yake. Kimondo kina nikeli. Tukiiona, mzee amekwisha."

Nikeli. Neno hilo lilininyima chakula na usingizi. Mama alipopeleka uji mahabusu, mimi niliishia getini. Niliona aibu kumtazama baba.

Siku ya majibu, pale kituoni, nikasema potelea mbali. Bwana Ramadhan anafungua bahasha, nikasimama.

"Afande, ni mimi. Baba hana kosa."

"Kaa chini, kijana."

Bwana Ramadhan akasoma. "Nikeli hakuna. Ndani kuna udongo ulioyeyuka, takataka za tanuri. Chuma hiki kimefuliwa na watu, hapahapa duniani."

Afande akanigusa bega. "Unampenda baba yako mpaka unajizulia kesi."

Nilichanganyikiwa kabisa.

Baba akaachiwa. Tulipofika karakanani, akanionyesha ule msumeno. Meno yote yalikuwa yamelika.

"Majembe hayali meno hivi," akasema. "Kabla polisi hawajaja, nikatafuta mpaka nikakiona kipande chini ya mkaa. Chako nikakificha, cha babu nikakiweka kwenye gunia. Polisi wangekosa kitu, wangechimba mpaka wakipate."

"Mbona hukuniambia, baba? Nimeteseka miezi minne."

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nililia kama mtoto.

Chuma cha babu hakikurudi, kilikatwa vipande huko maabara. Chini ya fuawe ya ukoo leo kuna kile nilichoiba mimi, na kila nikipita hapo nainamisha kichwa.

Ndugu yangu, ukikosea sema siku hiyohiyo. Kuna mtu anakungoja useme, na huenda anakungojea mahabusu.