Paja la Mpiga Ngoma

Kazi yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa kuyapa magonjwa nambari. Chumba cha kumbukumbu cha hospitali yetu pale Kisumu kilikuwa na dirisha moja lililotazama lango. Asubuhi upepo wa ziwa uliingia humo na harufu ya dagaa wa omena na majani mabichi, ukafunua mafaili kana kwamba nao umeajiriwa. Nililipenda sana dirisha lile.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mgonjwa akishahudumiwa, faili lake lililetwa kwetu. Nilisoma alichoandika daktari, nikautafuta ugonjwa katika kitabu kinene cha nambari, kisha nikaandika nambari yake juu ya jalada. Mkuu wetu, mzee mnene aliyekunywa chai kwa kisosi, alikuwa na sheria moja: karani habahatishi. Daktari asipoandika wazi, faili linafungwa uzi mwekundu na kurudishwa kwake.

"Wewe unapenda hadithi," aliniambia. "Hizo kaandikie nyumbani. Hapa tunaandika alichosema daktari."

Faili la mama mmoja aliyeuza samaki wa kukaanga mtaani Kondele nililifunga uzi mwekundu mara mbili. Alikuwa na uvimbe mgumu ndani ya paja la kushoto. Picha ya eksirei ilionyesha wingu jeupe, mfupa mahali palipostahili kuwa nyama tupu, na daktari alikuwa ameandika: "Misuli iliyogeuka mfupa? Au saratani?" Katika kitabu changu saratani zilikaa kurasa za mbele, na misuli iliyogeuka mfupa ilikaa mbali huko, mia saba ishirini na nane nukta moja. Kwangu ilikuwa ni kufunua karatasi tu. Kwa yule mama, saratani ilimaanisha kupelekwa Nairobi kupasuliwa, na pengine kurudi bila mguu.

Daktari mwenyewe, kijana mrefu aliyependa kuja kuomba chai dirishani kwetu, hakuwa na amani na jambo hilo.

"Nyama inaweza kuota mfupa," alinieleza. "Ikigongwa sana mara moja, au ikigongwa kidogo kidogo kwa miaka. Lakini huyu anasema hajagongwa na kitu. Bila pigo, lazima niogope."

Nilijaribu kumuuliza yule mama mwenyewe, siku moja alipokaa kwenye benchi chini ya dirisha akisubiri zamu yake.

"Mama, hukuanguka hata kidogo?"

"Sijaanguka."

"Boda boda haikukugonga?"

"Hizo baiskeli? Hizo zinaniogopa." Akacheka, kisha akalishika paja lake kama mtu anayemtuliza mtoto. "Nyathina, mwanangu, hii mguu ndiyo inanilisha. Wakiikata nitauza samaki nikisimama kama korongo?"

Aliniambia kwamba kila jioni binti yake alimkanda kwa maji moto na mafuta, kwa nguvu zote, kama sisi sote tunavyofanya tukiona uvimbe. Lakini ule uvimbe ulizidi kuwa mgumu.

Siku ya kuchukua barua ya kwenda Nairobi, kanisa lake lilikuja kumwombea. Walikuwa wale waumini wanaotembea barabarani kwa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, wakiimba nyuma ya ngoma. Askari wa lango aliwazuia: maombi ruhusa, ngoma ibaki nje. Basi wakaombea nje. Wimbo ukapanda kama wimbi, kanzu zikajaa upepo, na bwana mmoja akaanza kupiga ngoma kwa bidii na bila mwendo.

Mama yule alivumilia kidogo pale kwenye benchi, kisha akainuka.

"Huyu anapiga kama anafukuza kuku," akasema, akachechemea hadi langoni.

Akaichukua ngoma, akatia mkanda wake begani, ikaning'inia ubavuni. Akaanza kupiga huku akitembea, na wimbo mzima ukanyooka. Hapo ndipo tulipoona. Kila hatua, ngoma ile nzito ya mti na ngozi iliinuka kidogo, ikashuka, ikamgonga paja la kushoto, palepale penye uvimbe.

Daktari alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Alikiweka juu ya mafaili yangu, akatoka mbio.

"Mama, nilikuuliza kama umegongwa!"

"Uliuliza, daktari. Gari haijanigonga, ng'ombe haijanipiga teke, na bwanangu alikufa bila kuninyanyulia mkono. Ngoma ni mimi ninaipiga."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa msichana kule Bondo."

"Kila Jumapili?"

"Jumapili, mikesha na mazishi. Na huku kwetu, daktari, mazishi hayakosi."

Ile barua haikutoka siku hiyo. Daktari alimkataza ngoma, akamkataza pia maji moto na kukandwa, akaagiza picha nyingine baada ya miezi miwili. Hilo la ngoma lilimuuma yule mama kuliko uvimbe. Lakini alitii, na picha ya pili ikaonyesha lile wingu jeupe palepale, halijakua, halijaligusa fupa la paja. Safari hii daktari aliandika bila alama ya kuuliza: misuli ya paja iliyogeuka mfupa, kwa kugongwa na ngoma ya kanisa.

Nambari ya ugonjwa niliiandika nikitabasamu. Lakini kitabu kilitaka pia nambari ya chanzo cha pigo, na humo mlikuwa na farasi, mashine na mpira wa miguu, wala hamkuwa na ngoma.

"Tuweke kwenye michezo," nikapendekeza.

"Wakisikia kanisani kwamba wanacheza, utaombewa wewe," mzee akasema, akamimina chai kwenye kisosi. "Andika kugongwa na kitu. Halafu chini yake andika ngoma, yote, kama daktari alivyosema."

Miezi ikapita. Jumamosi moja nilisikia wimbo ukija barabarani, na mwendo wa ngoma ambao sikuweza kuusahau. Nilichungulia. Ngoma ilikuwa imefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma cha boda boda, mwenye baiskeli akiisukuma polepole, amevaa kanzu. Yule mama alitembea kando, miguu yote miwili ikikanyaga sawasawa, akiipiga kwa mikono iliyonyooshwa.

Aliniona dirishani, akapunguza mwendo.

"Nyathina," akaita, bila kuacha kupiga, "mwambie daktari baiskeli bado haijavimba."