Matanga ya équipe yetu ya rugby

Leo bamaman balikuja kulilia batoto bangu ba rugby. Hakuna hata mumoja mwenye alikufa.

Kosa ni yangu.

Jana niliweka kwa statut ya simu yangu photo ya zamani ya équipe yetu ya batoto. Sikuandika kitu. Nilikuwa tu na huzuni: rugby yetu inaomba bachezaji treize, kumi na batatu, na sasa banabakia deux, babili tu.

Bon, munajua sisi. Photo bila maneno ni matanga.

Asubui niko kwa terrain ya kuchezea, hapa mu commune yetu ya Forest, na wale deux. Naona bamaman banakuja na bitambaa ku kichwa, beignets, thermos ya chai. Maman Neema iko mbele, analia.

"Coach, ni mutoto wa nani?"

"Hakuna, maman. Bote ni bazima."

"Sasa bako wapi?"

"Wako, umemuacha wapi?"

Akafungua thermos. Wake alikuwa angali mu kitanda.

Alors, tukakula beignets mu mvua, tumesimama. Nikahesabu bantu kwa terrain.

Treize. Tangu saison ianze, ni mara ya kwanza.

Sasa muniambie kweli: ile photo niitoe, ao niiache?