Dakika Nne za Mama

Vijana wanaotembea na kamera mfukoni huniuliza filamu fupi inatakiwa iwe na urefu gani. Yangu ilikuwa ya dakika nne, niliipiga Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hakuna aliyeiona. Basi wasiniulize mimi. Kila nikiulizwa hupandwa na hasira, na hasira zenyewe ni za miaka mingi, hazina pa kwenda.

Dada yangu aliondoka na mumewe mwaka 1964, wakaenda Maskati. Kurudi hakuweza, na mama hakupewa ruhusa ya kusafiri. Barua zetu zilikuwa zikifika zishafunguliwa. Siku moja baharia mmoja akatuletea amana kutoka kwa dada: kamera ndogo ya kutiwa ufunguo kama saa, na pisi moja tu ya filamu. Dada ameandika: "Mpige mama, nimwone anavyokwenda. Kisha nirejeshee, nitaisafishisha huku."

Mama alikataa siku tatu. Alisema yeye si mtu wa kutiwa sinema, mtaa wetu wote wa Ng'ambo utamcheka. Siku ya nne akaoga, akatia wanja, akachomeka kikuba cha asumini, akakaa uani juu ya mbuzi ya nazi, kwa sababu, alisema, mwanawe kamzoea hapo. Nikaanza. Akakuna nazi, akenda kisimani, akarudi. Halafu akaikodolea macho kamera, akaanza kusema.

"Mama, hii haishiki sauti," nikamwambia.

"We piga tu. Mwenyewe atanisoma midomo."

Akaendelea. Mimi nilikuwa na shughuli ya jua, lilikuwa linaingia nyuma ya wingu na pisi sina nyengine. Nikamkemea, "Mama, hebu nyamaza, unatikisa kichwa." Hakunyamaza. Alisema mpaka filamu ikesha.

Baharia alikuwa bado yuko Malindi bandarini. Aliniambia nimpe kikopo cha filamu akitie mfukoni, yaishe. Lakini mimi, mpumbavu, nilitaka mambo yangu yawe safi, nikakipeleka ofisi ya serikali kukiombea kibali cha kutoka nchini. Bwana niliyemkuta pale nilimjua. Ndiye aliyekuwa akikagua filamu za sinema kabla hatujaonyeshwa. Huvuta ukanda, huuinua dirishani kwenye mwanga, na akikuta mtu kambusu mtu hukata kwa mkasi, nasi ukumbini tukapiga mbinja. Kazi aliyoijua ilikuwa hiyo tu.

"Hii haijasafishwa, ndugu," nilimwambia. "Ikiona mwanga imekufa."

"Filamu ni filamu. Ntajuaje kama hukupiga kambi ya jeshi?"

Nikanyoosha mkono kumzuia. Akanitazama vile tulivyokuwa tukitazamwa siku zile, nikaurudisha mkono. Basi akavuta, pima baada ya pima, uso wote wa mama yangu, akaushikilia dirishani jua kali, akakunja kipaji.

"Mbona hamna kitu?" akasema.

Akauzongazonga, akautia kikoponi, akagonga muhuri. Ati ameruhusu. Mungu akimsamehe ni shauri lake Mungu, mimi nshashindwa.

Nilimpa baharia hivyo hivyo, najidanganya kuwa labda kwa ndani imesalimika. Mama kila akisikia honi ya meli huniuliza, "Kishaniona?" Namwambia bado. Akafariki kabla Ramadhani haijaingia, hajapata jawabu.

Barua ya dada ilikuja baada ya arubaini. Ameazima mashine ya kuonyeshea sinema, akawaita majirani wa kike, akafukiza udi, akafunga madirisha. Ukutani ukaja mwanga mweupe mtupu, dakika nne, na yeye akakaa mpaka mwisho. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Mama alisema nini?"

Yule bwana kaniharibia picha, na nitamchukia mpaka niingie kaburini. Lakini maneno mama aliyasema mbele yangu, hatua tatu, kwa sauti yake mwenyewe, na mimi nilikuwa natazama wingu. Dada sijamjibu mpaka leo.