Ndege Niliyoiunda na Majina ya Wapagazi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki: siku niliyomnyamazisha mzee wa ukoo wetu mbele ya umati, mjini Shinyanga, kwa sababu ya ndege ya mbao niliyoiunda kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu hapo nimejenga nyumba, nimezika wazazi, nimelea watoto. Lakini siku hiyo bado ninayo. Nataka uisikie kutoka kwangu, maana mimi ndiye niliyekosa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Ibadakuli. Usidhani ilikuwa kazi kubwa. Nilifyeka nyasi, nilifukuza ng'ombe waliokatisha, nikapaka chokaa mawe ya pembeni ili rubani aone uwanja unaishia wapi. Ndege zilikuja kwa nadra, tena ndogo. Lakini ikitua moja, niliizunguka nikiitazama mpaka niambiwe niondoke.

Padri mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri ndege yake, alinikuta nachora bawa mchangani kwa kijiti. Hakunicheka. Alifungua begi, akanipa karatasi iliyokatwa katika kitabu chakavu. Ilikuwa na mchoro wa ndege ya kivita ya zamani kabisa, ya vile vita vya kwanza vya Wajerumani na Waingereza: mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameshikiliwa kwa vijiti na waya. Ilichorwa kwa ubavu na kwa juu, vipimo vyote vimeandikwa.

Mwaka huo mkoa ulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono, na ikatangazwa kwamba kijana atakayeshinda atapata nafasi ya kusomea ufundi Mwanza. Mwanangu, mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba. Nafasi ile niliitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Nikaanza kuiunda. Kila futi moja ya ndege ya kweli niliifanya inchi moja, hivyo mabawa yakawa na upana wa futi tatu na kidogo. Kiwiliwili nilikitoa katika mbao nyepesi za sanduku la majani ya chai. Mbavu za mabawa nilizichonga kwa mianzi, moja moja, na zile zilizopinda nilizitupa. Spoku za baiskeli zikawa waya. Juu yake nikavuta kitambaa cha amerikani, nikakipaka uji mwepesi wa muhogo. Kilipokauka kilikaza kama ngozi ya ngoma. Rangi ya mafuta niliipata kwa fundi aliyekuwa akipaka shule, mabaki ya makopo matatu. Nilipaka tabaka, nikasugua kwa msasa, nikapaka tena. Nilimaliza baada ya miezi minne.

Ilikuwa nzuri. Hata leo sitaficha, ilikuwa nzuri.

Ndipo nikamkumbuka Babu Jilala, mdogo wake babu yangu mzaa baba, aliyekuwa akiishi nje kidogo ya Kahama na binti yake, Shangazi Minza. Nyumbani tulijua kwamba Babu Jilala alichukuliwa ujanani kuwabebea Wajerumani mizigo katika vita vile. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu, maana hakuwahi kusimulia. Nikawaza: nikimweka mzee huyu kando ya meza yangu, mtu aliyeiona ndege kama hii kwa macho yake, nani atanishinda? Nikaandika barua.

Shangazi aliniambia baadaye kwamba alipomsomea barua ile, Babu alikaa siku tatu bila kuitaja. Siku ya nne akasema, "Nitafutie basi. Nakwenda."

Walifika siku mbili kabla ya maonyesho, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, ng'wanawane," akajibu, yaani mwanangu, kwa Kisukuma. "Iko wapi?"

Hata maji hakutaka kwanza. Nikamwingiza chumbani kwangu, nikaondoa shuka niliyoifunika. Babu alisimama akaitazama. Kisha, taratibu, akiushika mguu wa meza, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaichungulia kwa chini.

"Nigeuzie," akasema.

Nikaigeuza. Huko chini kulikuwa kitambaa kitupu, chenye madoa ya uji na alama za penseli.

"Huku hukupaka."

"Itakaa mezani, Babu. Huko hakuna atakayetazama."

Akagusa kitambaa kile kwa kidole. "Sisi tuliiona kwa huku tu," akasema. "Sikuwahi kuiona kwa juu. Lete rangi."

Basi mchana ule wote tulikuwa wawili sakafuni, ndege imelala chali kati yetu. Babu alikuwa akinielekeza na mimi napaka. Alisema tumbo lake lilikuwa na rangi ya gunia la unga, na mafuta ya injini yalikuwa yamechirizika meusi hadi karibu na mkia. Chini ya kila bawa kulikuwa na duara kubwa, na ndani yake duara jingine, na jingine tena. "Kama jicho," akasema. Nilipokosea ukubwa wa duara alinishika mkono. Akauzungusha mpaka duara likatosha.

Alipoona mistari ile myeusi imekaa sawa, ndipo akaanza kusema. Walikuwa wapagazi wengi, wanabeba unga na masanduku ya risasi kuelekea kusini, mbali sana na Usukuma. Asubuhi moja walipumzika kando ya kijito. Babu akaingia porini kuchuna magome ya kamba, kwa sababu kamba ya mzigo wake ilikuwa imekatika. Akasikia mngurumo. Hawakuwa wamewahi kuona kitu kama kile. Wenzake walitoka kwenye vivuli, wakasimama peupe, wakitazama juu. Wengine walipunga mikono.

"Walifurahi," Babu akasema. "Unaelewa? Walikuwa wanacheka."

Bomu la kwanza liliangukia majini. La pili halikuangukia majini.

Kumi na mmoja wa kwao walikufa pale, vijana walioondoka pamoja naye siku moja. Askari waliandikwa, akasema, lakini wapagazi hakuna aliyewaandika. Wakazikwa haraka, safari ikaendelea, mizigo yao wakagawiwa waliobaki. Aliporudi nyumbani mama zao walikuja kumuuliza, naye akasema hajui, kwa sababu hakuweza kuwaambia wanawake wale alichokiona.

"Kesho kutwa patakuwa na watu wa serikali?" akaniuliza.

"Watakuwepo, Babu. Mgeni rasmi mwenyewe."

"Nitawataja. Wote. Nimezeeka, na sijawahi kuwataja mbele ya watu."

Nikasema sawa, Babu. Nilisema sawa, mwanangu, huku macho yangu yako kwenye rangi, nikiangalia kama imechuruzika.

Siku ya maonyesho Babu alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na Shangazi Minza, akaketi kando ya meza yangu tangu asubuhi. Hakutaka kwenda kula. Watu walijaa kuitazama ndege. Nilikuwa nimeitundika kwa kamba juu ya meza, ili ionekane kote, na sifa zilinimiminikia.

Mgeni rasmi alifika saa saba, na waamuzi nyuma yake. Alipendezwa. Aliniuliza juu ya mbavu, juu ya kitambaa, nami nikajibu vizuri. Kisha nikasema, "Na huyu ni babu yangu, aliiona ndege kama hii vitani."

"Hebu tuambie, mzee," mgeni akasema.

Babu akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha safari za zamani, na kilichanganyika na Kisukuma. Alisema walikuwa wapagazi, ndege ikaja, watu wakafa. Kisha akavuta pumzi, akaanza.

"Alikufa Maduhu, mwana wa Bundala. Huyu alikuwa mwimbaji, ndiye aliyetutembeza. Alikufa Lugwisha, mwana wa Magina. Mama yake alikuwa mjane. Alikufa Kasanda..."

Alikuwa akisema polepole, na kwa kila jina aliongeza neno moja la mtu yule. Mgeni rasmi alisikiliza la kwanza na la pili. Kwenye la nne akaitazama saa yake. Mwamuzi mmoja akapiga hatua kuelekea meza ya jirani. Niliiona Mwanza ikiondoka.

Babu alipomaliza jina la tano, nikamwekea mkono begani, nikamkalisha.

"Basi, Babu, inatosha," nikasema. Kisha nikawageukia wale wakubwa nikitabasamu. "Msameheni mzee, umri umekwenda, anachanganya mambo."

Watu wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, ni kile kicheko cha kumhurumia mzee. Mgeni rasmi naye akacheka, akanipa mkono, akaenda.

Babu aliketi, mikono juu ya magoti, midomo yake ikiendelea kusogea kidogo bila sauti. Nadhani aliwamalizia wale sita kimya kimya. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, na sikuinama kusikiliza.

Nilishinda, mwanangu. Nilipewa nafasi.

Asubuhi yake kituoni, Babu alipokwisha kupanda basi, Shangazi Minza alinivuta pembeni.

"Nkwabi," akaniambia, "miaka yote hii baba hajafungua mdomo juu ya vita. Hata mama yangu alikufa hajui. Wewe ukamwita kutoka Kahama, akaufungua, ukaufunga mbele ya watu, na ukamwita punguani. Umepata ulichokitaka?"

Babu alinitazama kupitia dirisha la basi. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ndege yako ni nzuri," akasema. "Inafanana nayo kabisa."

Angenitukana ingekuwa nafuu.

Ningeweza kupanda basi lile lile. Ningeweza kwenda wiki iliyofuata. Badala yake nilijiambia nitakwenda nikipata nafasi, nikishapoa, naye akishapoa. Nikaenda Mwanza chuoni. Kila nilipotaka kuandika barua aibu ilinishinda, nami nikaiahirisha. Ilipita miezi minane.

Nilipofika Kahama likizoni, na daftari jipya la kuandikia majina mkobani, Shangazi alinipokea mlangoni bila kutabasamu. Babu alikuwa amepooza upande mmoja. Mdomo umepinda, na maneno hayatoki tena. Alinitambua, hilo lilionekana machoni. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwomba msamaha huku nalia, mbele ya Shangazi na majirani. Akainua mkono ule mzima, akauweka kichwani pangu. Lakini majina hakuweza kunipa.

Nikamwuliza Shangazi kama anayajua. Hakuwa na hata moja. Mimi nilikuwa nayo matano.

Likizo ile yote tulitembea, mimi na Shangazi, kijiji hadi kijiji, tukiwauliza wazee: kwenu yuko kijana aliyechukuliwa na Wajerumani pamoja na Jilala na hakurudi? Wengine walitushangaa. Bibi mmoja, kipofu, alisema, "Kaka yangu Sayi," kisha akauliza kama tumemwona, na ilitubidi kumweleza. Kila tulipopata jina tulirudi kwa Babu, nikamtamkia sikioni. Likiwa siyo, alitikisa kichwa. Likiwa lenyewe, alinibana mkono. Kwa jina la Sayi alinibana mpaka vidole vikaniuma, na machozi yakamtoka jicho moja.

Hivyo tulipata mengine manne. Mawili hatukuyapata. Tulitaja majina mengi, siku baada ya siku, na Babu alitikisa kichwa, alitikisa kichwa, na siku moja tulipoanza tena hakutikisa.

Tulipomzika nilisimama kaburini nikayasoma majina tisa, na baba zao. Padri aliyeongoza mazishi alinisubiri mpaka nilipomaliza. Kisha nikasema, "Na wengine wawili, ambao majina yao yamepotea kwa kosa langu." Shangazi Minza alikuja akasimama karibu yangu. Hakunishika mkono, lakini alisimama karibu.

Wale wawili walikuwa na mama zao. Walipewa majina siku walipozaliwa, na mtu mmoja tu duniani aliyabeba zaidi ya miaka hamsini, akayaleta hadi mezani kwangu. Nilihitaji kunyamaza dakika tano tu.

Basi shika haya, mwanangu. Mzee akianza kukutajia watu wake waliokufa, kaa chini umsikilize, hata kama mkubwa yuko mlangoni anaangalia saa. Usimwite mtu aje kuipamba kazi yako kisha ukamzuia kusema kilichomleta. Tena ukijua umemkosea mtu, nenda siku hiyo hiyo, na aibu yako nenda nayo hivyo hivyo. Usingoje ipoe, maana itakapopoa, yeye huenda hayupo. Na kalamu unayo: leo hii muulize babu yako, bibi yako, jirani yako, uandike.

Mungu akupe mikono ya kazi njema, na akupe utulivu wa kusikiliza unaozidi ule aliokuwa nao Nkwabi akiwa na umri wako. Akujalie wazee wako wadumu mpaka uwe umewauliza yote. Na siku yako ya mwisho ikifika, mwanangu, pasikosekane mtu wa kulitaja jina lako mpaka mwisho.