Emérence Hashuki Kwenye Trakta

Mimi simpendi Papa Philémon, na heri niseme mapema, mtu asije akadhani namchimba chinichini. Yeye ndiye msimamizi wa fedha na kazi zote katika nyumba yetu ya mafungo pale Nguba. Mimi ni mpishi. Kati ya jiko langu na ziwa kuna bustani kubwa inayoteremka, na anayeitunza ni Emérence Nsimire, mjane kutoka Nyangezi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya kilima.

Emérence aliingia kwetu kama mfuaji wa mashuka. Patrice, dereva wa kwanza wa trakta ndogo ya kukatia nyasi, alipoondoka kwenda kutafuta dhahabu Kamituga, trakta ilibaki chini ya turubai hadi nyasi zikafika magotini. Asubuhi moja Emérence aliacha beseni lake, akakaza kitenge, akapanda. Hakumwomba mtu ruhusa. Wanaume walinzi walicheka wakashika mbavu, lakini kufikia saa sita bustani ilikuwa imenyolewa vizuri na hakuna aliyekuwa akicheka tena. Tangu siku ile kiti kile kikawa chake, na alikipenda bila kuona haya.

"Rosette," aliniambia, "ku beseni ninaangaliaka chini tu. Ku trakta ninaangaliaka mbele."

Sasa sikiliza yaliyotupata mvua za mwaka huu, wiki ya harusi kubwa iliyokuwa ifanyike bustanini Jumamosi.

Jumatatu visu viligoma. Injini ilinguruma, trakta ilitembea, ila Emérence alipovuta kitufe cha njano cha kuzungusha visu, kimya. Siku zote ukikivuta unasikia tak! Hiyo ni klachi ya umeme, sisi tunaiita ambreyaji. Ni sumaku iliyo chini ya injini: ikipata umeme inashika, na visu vinaanza kuzunguka. Siku ile alivuta, akarudisha, akavuta tena, akaitukana kwa Kimashi, lugha ya kwao, na bado haikushika.

Papa Philémon akamleta fundi Modeste kutoka mjini. Modeste alichomoa plagi ya klachi, akagusisha kipimo chake kwenye zile nyaya, akasoma volti kumi na mbili kamili. Akafuta mikono.

"Courant ya betri inafika muzuri," alisema. "Ambreyaji njo ilikufa. Mupya itatoka Kampala, na itakawia."

Papa Philémon alipokea habari ile kama mtu aliyekuwa akiingoja. "Basi, trakta tutaiuzisha kama chuma," akasema. "Shemeji yangu Placide ataleta batu ba kukata nyasi na coupe-coupe. Weye, maman Emérence, utarudia ku kufua. Na kusema kweli, kile kiti haikukuwa ya mwanamuke."

Nilikuwa mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi. Namshukuru Mungu nilikiweka chini.

Emérence hakulia wala hakupiga magoti, kama labda bwana yule alivyotarajia. "Papa, trakta haitauzwa," akasema. "Na ku beseni sirudie. Uningojee mpaka kesho jioni."

"Utafanya nini? Fundi amesema."

"Fundi njo alisema. Ambreyaji yenyewe haiyasema kitu."

Kesho yake asubuhi alianza na yale aliyoyajua. Alitazama fyuzi, nzima. Alitazama swichi iliyo chini ya kiti, ile inayozima visu dereva akiinuka, nzima pia. Alihangaika na kitufe cha njano karibu asubuhi yote, akakifungua na kukifunga, na mwisho akakuta hakina kosa lolote. Hapo hasira ikampanda. Akachomoa ufunguo, akajilaza kwenye nyasi mbichi, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye klachi.

Tak!

Niliisikia jikoni, na mafuta ya kukaangia sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, yalikuwa yakichemka.

"Iko nzima!" alipiga ukelele. "Rosette, iko nzima!"

Nikatoka mbio. Furaha ilinijaa, lakini kuna jambo halikuniingia akilini. "Sasa, na Modeste aliona kumi na mbili pale ku waya. Alidanganya?"

Emérence akakunja uso. Alikaa juu ya ndoo kwa muda mrefu, tope la bustani likikauka mgongoni. Kisha akaenda getini kumwomba mwenye pikipiki balbu ya taa yake ya mbele. Aliiunga kwenye betri, ikawaka kali. Akaiunga kwenye nyaya za plagi ya klachi, ikawa nyekundu tu, kama kaa linalozimika. Basi Modeste hakudanganya. Aliupima ule waya bila kuutwika mzigo, maana kipimo hakili umeme kama balbu au klachi. Kuna watu wa hivyo, wanajisifu wataweza gunia hadi umtwike mmoja wao.

Alianza kurudi nyuma na balbu yake, akifuata waya kutoka kwenye klachi kwenda kwenye betri. Karibu na klachi, mwanga hafifu. Chini ya bati la gurudumu, hafifu. Kwenye kitufe cha njano, mwanga mkali. Ubovu ulikuwa katikati ya hapo na bati la gurudumu, na katikati hapo palikuwa na kifundo kilichofungwa kwa ukanda wa kauchu, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli.

Emérence akaweka balbu chini. Mimi pia nilikitambua kile kifundo.

Mtaani kwetu courant, umeme wa majumbani, inakuja ikipenda. Kwa hiyo Emérence alikuwa ameukata waya ule kwa mkono wake, akaunganisha kichwa cha kuchajia simu na kutundika kikapu nyuma ya kiti. Wafuaji, wauza ndizi wa getini, sisi wa jikoni, wote tulitia simu zetu mle. Nyasi zikiisha, simu zimejaa. Alikifunga kifundo kwa kauchu, jinsi tunavyofunga kila kitu hapa, ndoo, bomba, hata miguu ya viti. Kauchu ikashika maji ya mvua ndani, shaba ikaoza ikawa kijani, na sasa zilibaki nywele chache tu za kupitisha umeme.

Nilimsogelea sikioni. "Tupa ile kauchu mu ziwa. Funga waya, unyamaze. Nani atajua?"

"Nitajua miye. Na nikificha, kesho Papa atasema ilipona yenyewe."

Akakata sehemu iliyooza, akasokota shaba safi, na chuma cha lehemu tukakipasha moto kwenye makaa ya jiko langu. Kichwa cha simu alikipa waya wake mwenyewe kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Hakuwa na nia yoyote ya kuacha kuchajia watu simu.

Halafu akachukua kile kifundo kilichooza, akaenda nacho hadi kwenye baraza la Papa Philémon. Nilimfuata. Bwana alikuwa akiongea na Placide kwenye simu.

"Papa, ubovu njo huu," Emérence alisema, akakiweka mezani. "Ni miye niliutia, juu ya kuchajia batu telefone. Na ni miye niliutoa."

Papa Philémon akatabasamu. "Kumbe! Unakubali weye mwenyewe. Sasa uko na haki gani ya kile kiti?"

"Ile ya Patrice."

"Patrice anaingia wapi?"

"Patrice aligongesha hii trakta ku ukuta ya chapelle, pale tunasalia, ukuta ikaanguka. Ulimwambia nini? 'Pole, kijana, utazoea.' Nani alimutuma kufua mashuka? Na miye uniambie pole, ao unyamaze."

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi, akapanda trakta, akawasha injini, akavuta. Tak! Nyasi zikaanza kuruka ubavuni. Wafuaji wakajaa kwenye ngazi, povu la sabuni likiwatiririka mikononi, na mimi nilishangilia bila aibu na mwiko wangu hewani.

Papa Philémon alishuka bustanini, simu bado sikioni, akasimama katikati ya njia yake na kuinua mkono. "Maman Emérence, shuka!"

Emérence akazima visu, akasimamisha trakta mbele yake. Injini ilikuwa bado inanguruma. Hakushuka.

"Songa, Papa. Uko unasimama mu nyasi ya harusi."

Papa Philémon alimtazama Emérence. Akawatazama wafuaji. Akanitazama mimi, na mimi nikakunja mikono kifuani na kumtazama vilevile.

"Placide," alisema kwenye simu, polepole, "usitume tena bale batu."

Akasogea.