Lile shimo la Kasulo si mteremko

Leo nimeonyeshwa mteremko mahali ninapojua kuna shimo la kumeza nyumba.

Fundi wa droni alikuja Kasulo, mtaa wa machimbo nilikoondolewa zamani, kuangalia kama njia ya shule inahitaji uzio. Akanionyesha video yake tukiwa karibu na shimo.

"Tata, ona, iko muteremuko kidogo tu. Batoto banaweza kupita."

Nikamuuliza ukingo umeenda wapi. Akasema video ni nzito, lazima ibanwe, yaani ipunguzwe uzito, ndipo itumwe: rangi peke yake, kina (vipimo vya kwenda chini) peke yake. Kina wanakibana zaidi, hata kingo zinalainika, maana jicho halikioni.

Halikioni! (Mnisamehe, bado nina hasira.)

Kwenye rangi, udongo mwekundu unakatika wazi pale pale ukingoni. Wangebana rangi na kina pamoja, rangi ingekionyesha kina mahali pa kukatika.

"Basi shuka muteremuko wako, mi nakuangalia," nikamwambia.

Akasogea, akachungulia, akarudi nyuma haraka.

"Ni kweli, Tata. Lakini ku biro banaamini video."

Ofisi ikiamini video, basi hakuna uzio.

Wenye wajukuu wanaopita pale, kesho asubuhi njooni na miti na kamba. Shoka ninalo.